Mgeni Hupewa Jembe, Halinyakui

  

Mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Ijumaa akiwa na swali zito. Kijana wake alikwenda Dubai kwa viza ya matembezi ya siku 60, akapata kazi ya kuosha vyombo mkahawani. Alipodai ujira wa miezi miwili, mwenye mkahawa alimwambia akashitaki apendako, akijua fika kwamba hathubutu. Mzazi akatuuliza: Je, mwanangu amechuma haramu? Na haki yake ndiyo imepotea?

Ndugu wasomaji, kuchuma safarini kwa asili yake si dhambi. Aya ya 198 ya Suratul-Baqara imewaondolea hatia mahujaji wanaotafuta fadhila za Mola wao, na wafasiri wameeleza kuwa makusudio yake ni biashara. Hapa pwani nako, majahazi ya Oman na Hadhramaut yalikuja na kaskazi yakingoja kusi, na katika miezi hiyo ya kungoja wageni hao walichuma Lamu, Mombasa na Unguja bila ya kificho.

Lakini msafiri wa leo huingia nchi ya watu kwa ahadi. Viza ni ahadi, na Suratul-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Mafakihi nao walikwisha kubainisha kwamba aliyeingia nchi kwa amani aliyopewa haijuzu kuwafanyia hiana wenyeji wake. Basi anayeandika kuwa anakwenda kutembea, na ilhali moyoni ameazimia kuajiriwa, amevunja ahadi. Tunalisema hili japokuwa ni chungu, kwani wengi wao ni watoto wetu.

Na tujipime kwa mizani hiyo hiyo. Mtalii anayeketi Paje au Diani na kompyuta yake, akimtumikia mwajiri wa kwao Ulaya, hajamnyang'anya mwenyeji riziki, ingawa naye anapaswa kufuata masharti ya viza yake. Ama yule anayeongoza watalii wenzake kwa malipo, huyo amekaa mahali pa kijana wetu. Ndiyo maana Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo kuongoza watalii na kutengeneza simu. Tukitaka sheria yetu iheshimiwe Arusha, hatuna budi kuiheshimu ya wenzetu Dubai.

Hata hivyo, lawama isiishie kwa mnyonge. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akafanya hiana, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemtumikisha mfanyakazi asimlipe. Wakala anayempakia kijana ndegeni kwa viza ya matembezi huku akimwahidi ajira, na tajiri anayekula jasho lake, wajitazame humo. Imarati yenyewe, Agosti 2024, ilipandisha faini ya mwajiri anayeajiri bila kibali hadi kati ya dirham 100,000 na 1,000,000.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walisema mpe, hawakusema alinyakue. Mwenyeji ndiye mtoaji, na akishatoa hawezi kumnyima mlimaji chakula. Nchi zinazotaka kutoa zinajua namna ya kutoa. Australia tangu mwaka 1975 ina viza inayomruhusu kijana kutembea na kufanya kazi za muda, na Kenya ilitangaza Oktoba 2024 kibali cha wanaofanya kazi kwa mbali.

Kwa hiyo, ni rai yetu kwamba serikali zetu zijadiliane na nchi za Ghuba ili vijana wetu nao wapate kibali cha wazi cha kazi za msimu, kwa gharama wanayoimudu. Balozi zetu zipokee madai ya ujira kabla ya kuuliza makaratasi. Nanyi wazazi, msiuze shamba kwa ahadi ya mdomo ya wakala.

Ama kwa mzazi aliyetuuliza, jibu letu ni hili: mwanao alitubie kosa la ahadi aliyoivunja. Lakini kuosha vyombo ni kazi ya halali, na ujira wa kazi aliyoifanya ni haki yake. Kukosa kwake kibali hakumhalalishii tajiri kuula.

Wallahu a'lam.