Bawabu wa Vitabu

Mwaka wa 1931, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, India, alichapisha kitabu chenye sheria tano za maktaba. S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kukabidhiwa maktaba mwaka wa 1924, na sheria zake ni fupi kama kanuni za hesabu. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake. Msomaji asipotezewe muda. Maktaba ni kiumbe hai, lazima ikue.

Mwaka huohuo, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi, kwa Wazungu pekee. Yaani Mhindi aliyetawaliwa na Mwingereza anaandika kwamba kila mtu ana kitabu kinachomngoja, na huku kwetu Mwingereza huyohuyo anajaza jumba vitabu na kumfungia nje mwenye nchi.

Mkoloni alienda. Bawabu akabaki. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, soja wa maktaba alitazama kitambulisho changu akasema, "Boss, wewe si wa hapa tena." Kwani vitabu vilijuaje nimeacha kulipa?

Jibu tunalijua: vitabu vitaibwa, pesa hazitoshi. Ranganathan alishalisikia. Alikumbusha kwamba zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa rafuni kwa minyororo, ati vihifadhiwe. Minyororo ilipokatwa, tabia haikukatika. Kwa hivyo sheria yake ya kwanza iligusa mpaka mahali jengo lilipo, saa za kufungua na viti vya kukalia. Maktaba ikifungwa saa kumi na moja jioni, mtu wa mjengo anayetoka kazini saa hiyo atasoma lini? Huo nao ni mnyororo, tena haupigi kelele.

Halafu tunaambiwa vijana hawasomi. Hawasomi, ama hawaruhusiwi kuingia?

Wanaosomea ukutubi hukariri sheria hizi kwa ajili ya mtihani. Sawa, sasa wazifanyie kazi. Kadi kwa kila mkazi, awe na chuo au asiwe nacho. Milango iwe wazi mpaka usiku. Na mkuu wa maktaba akijisifu ana vitabu elfu ngapi, mwulize swali moja tu: vingapi viko nje leo, mikononi mwa watu?