Doa jeusi kwenye jiwe la Zuzu

Nilipotea kidogo, UE zilinibana. Leo nina dukuduku.

Jumamosi nilikwenda Zuzu kumsalimia shangazi, nikapita kwa mama mmoja anayegonga kokoto. Kwenye fungu lake nikaona granaiti yenye doa jeusi, duara, kubwa kama ngumi. "Shikamoo mama, hili nini?" "Marahaba mwanangu, doa tu hilo. Gumu hilo, linanichosha mkono!"

Nikaliomba, nikatoa lenzi. Doa lina chembe ndogondogo, kingo zimepindapinda, na ndani yake kuna fuwele kubwa ya feldispa, sawa na zile za granaiti yenyewe. Fuwele hiyo iliingiaje kwenye mwamba mkavu? Haikuingia. Doa lilikuwa bado uji. Magma mbili zilikutana: nyeusi ya moto sana, nyuzi 1,100 na zaidi, na nyeupe iliyopoa zaidi, kama 800. Zingechanganyika vizuri tungepata mwamba wa kijivu, dioriti au tonaliti. Hapa nyeusi iliganda haraka, likabaki doa.

Sasa kinachoniuma. Desa langu lilisema: bamba la bahari linazama, linatoa maji, mwamba wa juu yake unayeyuka, magma zinachanganyika, mfano Milima ya Andes. Sawa kabisa. Lakini mimi nikameza kinyumenyume, kwamba ukiona doa basi bamba lilizama. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata maksi zangu. Kumbe Bunsen, yule wa jiko la maabara, wazo la kuchanganyika magma alilitoa mwaka 1851 kwa miamba ya Aislandi, na kule hakuna bamba linalozama! Doa linathibitisha mchanganyiko tu.

Na kwetu swali bado bichi. Eklojaiti za kilima cha Yalumba, ukanda wa Usagara, zinaonyesha bamba lilizama miaka kama bilioni 2 iliyopita. Granaiti nyingi za bara letu la kale zina zaidi ya bilioni 2.5, na kama enzi hizo mabamba yalizama kama leo, wataalamu bado wanabishana.

Jamani, tunakariri Andes huku ushahidi unagongwa kokoto za kujengea Dodoma yetu. Simlaumu mama, anatafuta ada za watoto. Najilaumu mimi niliyepita pale miaka miwili bila kuinama.

Jiwe liko kwenye meza yangu. Anayebisha aje na lenzi, chai ipo, maandazi mje nayo. Alamsiki.