Hati ya kukamatwa haizeeki

Wilaya ya Ngara, Tanzania, imepakana na nchi mbili, Rwanda kwa Rusumo na Burundi kwa Kabanga, na wapo wanaoamini kwamba mshtakiwa akishavuka mpaka kesi imekufa. Haijafa. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hati ya kukamatwa hubaki hai mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute.

Mshtakiwa akitoroka, anayebanwa kwanza ni mdhamini. Shemeji aliyesaini bondi huitwa aeleze mtu wake yuko wapi, na akishindwa hudaiwa fedha aliyoahidi.

Kujua kama hati ipo si kazi kubwa: namba ya kesi mkononi, kisha masjala ya mahakama yenye kesi hiyo. Aliyekosa tarehe kwa ugonjwa au msiba aende mwenyewe, mapema, na cheti cha hospitali au barua ya mtendaji wa kijiji. Hakimu atasikiliza sababu, ingawa anaweza pia kufuta dhamana. Asiye na wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na huduma yake ni bure.

Kumpa mtu wa vichochoroni hela "aizime" hati ni kuliwa tu.