Huruma Isiyosema Kweli

Msomaji wa kurasa hizi, aliyezoea kukuta humu tenzi na uhakiki, huenda akashangaa kumkuta mbwa. Asishangae. Ninayemshitaki leo si mbwa, kwani mbwa hana ulimi wa kujitetea. Ninayemshitaki ni mtu anayemsemea, na ushahidi wangu ni maneno ya mtu huyo. Nayo maneno, nijuavyo mimi, ndiyo mali ya jarida hili.

Mwaka 2014 jirani yetu mmoja, mgeni, alimaliza mkataba wake wa kazi hapa kisiwani akafunga safari ya kwao. Mbwa wake akamwachia mzee aliyekuwa mlinzi wa nyumba ile, pamoja na bakuli, mnyororo na karatasi ya sifa: mbwa mwerevu, mchangamfu, mwenye mapenzi, ila hapendi kushtuliwa. Mzee akashukuru. Wiki ya tatu, mtoto wa dada yangu, wa miaka sita, alipita ukingoni mwa ua ule akikimbiza mpira. Mbwa akamshika mkono, akamwacha, akamshika tena. Tulimwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, tukamkimbiza hospitali, kisha tukawa tunarudi kwa zamu kwa sindano za kinga ya kichaa cha mbwa. Baadaye mpishi wa nyumba ile alitunong'oneza kuwa mbwa yule alikuwa ameshauma watu wawili kabla ya mtoto wetu. Bwana wake alijua. Alijua, akaandika "hapendi kushtuliwa".

Mkono wa mtoto ulipona. Aliyelaumiwa na mtaa mzima ni mzee wa watu, naye ndiye peke yake ambaye hakuambiwa kitu. Ama mbwa, vijana walimwandama kwa marungu hadi akafa, kifo kibaya kuliko kile ambacho bwana wake alidhani anamwepusha nacho. Huo ndio mwisho wa huruma isiyosema kweli: ilimdhuru mtoto, ikamfedhehesha mzee, na hata mbwa haikumwokoa.

Kwetu jambo hili hutokea mara moja moja. Marekani na Uingereza ni kazi ya kila siku, kwani huko vipo vituo vingi vinavyopokea mbwa waliotupwa au kupotea na kuwatafutia walezi wapya. Historia yake haikosi heshima. Katika miaka ya 1970 vituo vya Marekani vilikuwa vikiua wanyama kwa mamilioni kila mwaka, wengi wao wakiwa hawana kosa ila kukosa mwenyewe. Watu wema wakasimama wakasema basi. Mwaka 1994 mji wa San Francisco ulifikia mapatano ya kwamba hakuna mbwa wala paka anayefaa kulelewa atakayeuawa, na kutoka huko ukakua mwendo mkubwa wa kukomesha mauaji vituoni. Nani atalipinga hilo? Mimi silipingi.

Ninalolipinga ni lile lililozaliwa ndani yake. Mwendo huo ulijiwekea kipimo: kituo kinachonusuru asilimia 90 ya wanyama wake huhesabiwa kuwa kimefaulu. Hoja yenyewe ilikuwa kwamba asilimia 10 iliyobaki itawatosha wagonjwa wasiotibika na wakali wasiorekebika. Lakini hesabu ina tabia ya kumtawala aliyeibuni. Kituo kinapohukumiwa kwa hesabu hiyo, na wafadhili wakaitazama hiyo, mbwa aliyeuma huacha kuwa mbwa aliyeuma akawa tarakimu inayotafuta safu ya kukaa. Hapo ndipo huitwa fundi wa maneno. Mbwa anayewarukia watoto huandikwa kuwa "anafaa nyumba ya watu wazima". Anayewararua mbwa wenzake huwa "anapenda kuwa mfalme peke yake". Aliyemuuma mlezi wa kwanza huwa "anahitaji mtu mwenye uzoefu".

Sisi tunaijua tafsida. Tunasema fulani ametutoka, fulani amejifungua, fulani amekwenda haja. Lakini tafsida yetu ina sharti lake: msemaji na msikilizaji wote wawili wanajua kilichofunikwa. Tunakifunika kwa staha, hatukifichi kwa hila. Neno likifunika jambo ambalo msikilizaji halijui, na kutolijua kwake kukamletea madhara, hilo si tafsida tena. Jina lake ni ghushi.

Nawasikia watetezi wakinijibu, na jibu lao zito kuliko yote ni kisa cha mwaka 2007. Mwaka huo nyumba ya mcheza mpira Michael Vick, katika jimbo la Virginia, ilipekuliwa, na wakakutwa mbwa waliofugwa ili kupiganishwa. Wengi walitaka wauawe wote, kwa kuwa mbwa wa vita, walisema, hageuki. Mahakama ikaagiza wapimwe mmoja mmoja. Mbwa wapatao 47 wakanusurika, na wengi wao wakaja kuishi majumbani kwa amani. Naam, ni kisa kizuri, nami nakipokea kwa mikono miwili. Lakini wanaokisimulia hukikatiza njiani. Kati ya 22 waliopelekwa hifadhini Utah, wawili mahakama iliamuru wasitolewe humo maisha yao yote. Kadhalika Vick alilazimishwa kulipa dola zipatazo 928,000 kwa ajili ya matunzo ya mbwa wale. Basi kisa hiki hakitufundishi kwamba kila mbwa mkali anaweza kugawiwa. Kinatufundisha kwamba huruma ya kweli huchunguza, hukubali kusema "huyu hapana", na ina gharama. Kituo kisicho na pesa wala mahali, kikimkabidhi mbwa wa namna hiyo kwa familia ya kwanza inayogonga mlango, kinaitupia familia hiyo gharama ambayo chenyewe kimeshindwa kuibeba.

Jibu la pili ni la wataalamu. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley walichapisha makala wakionyesha kuwa vipimo vya tabia vinavyofanywa vituoni, kama vile kumnyang'anya mbwa chakula kwa mkono wa bandia, havitabiri vizuri atakavyokuwa nyumbani. Wakavilinganisha na kurusha sarafu. Hoja hiyo ina nguvu. Mbwa aliyefungiwa kizimbani kwa wiki nyingi, masikioni mwake mna kelele na puani mna harufu za wageni, hatoi ushahidi wa kuaminika juu ya nafsi yake. Lakini tazama hoja hiyo inavyopotoshwa: kwa kuwa kipimo hakiaminiki, ati na historia nayo isiaminiwe! Kung'aka kizimbani ni dalili. Jino lililokwisha kuzama katika nyama ya mtu ni tukio. Daktari Ian Dunbar, mjuzi wa tabia za mbwa, aliyapanga maumo katika daraja sita, kuanzia kutisha bila kugusa hadi kuua, na akasema wazi kwamba kadiri daraja inavyopanda ndivyo tumaini linavyopungua. Anayechanganya dalili na tukio hamtetei mbwa, anaikwepa kweli.

Waingereza nao walishika njia nyingine, nayo pia siisifu. Sheria yao ya mwaka 1991 iliwataja mbwa kwa aina, si kwa matendo. Na tangu tarehe 31 Desemba 2023 mbwa wa aina ya XL Bully akaongezwa, ikawa ni kosa kumuuza, kumzalisha, kumtupa au kumpa mlezi mpya. Kwa sheria hiyo mbwa mpole aliyeingia kituoni na kichwa kikubwa hana wa kumchukua, na mbwa mkali mwenye sura ya kupendeza mlango u wazi mbele yake. Huko ni kuhukumu kitabu kwa jalada, na sisi wenye vitabu tunajua dhuluma yake.

Njia ya haki ni nyembamba, lakini imo kati ya hizo mbili, nayo ni kusema. Mwaka 2017, katika mji wa Virginia Beach, mbwa aliyechukuliwa kituoni alimuua ajuza siku ile ile aliyoingia nyumbani. Baadaye ikaripotiwa kuwa alikuwa ameshauma mtoto. Mwaka uliofuata jimbo la Virginia likatunga sheria ya kuvitaka vituo vieleze habari za kuuma kwa mbwa kabla ya kumtoa. California ikafuata, na tangu Januari 2020 anayechukua mbwa huko hupewa habari hizo kwa maandishi, akatia saini kwamba amezisoma. Sheria hizi hazikumuua mbwa hata mmoja. Zimemlazimisha mtu tu kutamka alijualo. Na ni aibu kwamba ilihitajika sheria.

Kwetu muuza punda anayemjua punda wake kuwa hupiga teke, akanyamaza, haitwi mjanja, huitwa mwizi. Nasi wenyewe, ambao mate ya mbwa tunayaosha mara saba, tumelelewa pia kwa hadithi ya aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nasema haya kwa kumchukia mbwa. Lakini yule wa kisimani alilipa huruma yake kwa jasho lake mwenyewe. Hakuilipa kwa mkono wa mtoto wa jirani.

Nataka mambo matatu, wala si makubwa. Mbwa aliyeuma asitolewe mkononi mwa mtu hadi kila alichokifanya kiwe kimeandikwa kwa maneno ya kawaida: nani, wapi, jeraha gani. Aliyeuma vibaya zaidi ya mara moja asigawiwe kabisa. Akiwepo mwenye mali na ua wa kumtunza hadi ajali yake imfike, amtunze. Na asipokuwepo, basi yule aliyempenda awe na ujasiri wa kumshika kichwa wakati daktari anapomchoma sindano ya mwisho. Ni jambo chungu. Lakini uchungu huo ni wake, si wa mtoto apitaye na mpira.

Nafunga kwa beti moja, kwa kuwa hapa ndipo mahali pake:

Mwenye mbwa anouma, na aseme hadharani,
Si huruma, si huruma, kumficha kwa lisani,
Mtoto akichutama, acheze naye nyumbani,
Jino likisha kuzama, toba haina thamani.