Ufa Huzibwa, Uozo Hukatwa: Epoksi Haitibu Mbao Iliyooza



Mvua za Novemba zinakaribia, na kuanzia Mufindi hadi Rungwe watu wanakarabati. Hilo ni jambo jema. Lakini kuna tabia inayoenea ambayo siwezi kuinyamazia. Mguu wa kihenge umeoza. Mwenye kihenge anakwenda dukani, ananunua epoksi ya mirija miwili, anaikoroga na vumbi la mbao, anaisiliba juu ya uozo, anapaka rangi, anasema kazi imekwisha. Wengine wanafanya hivyo kwenye kenchi, kwenye nguzo za banda la ng'ombe, hata kwenye mti wa mkokoteni. Na wapo wanaosiliba kisha wanauza.

Ukimuuliza mtu, anakujibu kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, lakini imesema ufa. Haikusema uozo. Ufa ni mbao nzima iliyoachana. Uozo ni mbao iliyokwisha kuliwa. Ufa huzibwa, uozo hukatwa. Anayeziba uozo anajificha nyuma ya methali isiyomhusu.

MBAO HUOZA KWA SABABU YA MAJI

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hawezi kula bila maji. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ndiyo maana kenchi iliyo chini ya bati lisilovuja hudumu miaka mingi, wakati fremu ya mlango kwenye nyumba hiyohiyo inaoza kwa chini, pale matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mbao inayogusa udongo kule haipati nafasi ya kukauka. Huku Mbarali ni kukavu zaidi, lakini hata huko nguzo huoza pale inapoingia ardhini, na mchwa wanamalizia.

Sasa tuitazame epoksi. Ni gundi ya sehemu mbili: mrija mmoja ni gundi yenyewe, wa pili ni wa kuigandisha. Ukizichanganya zinageuka kuwa kitu kigumu sana. Inashika kweli, lakini inashika kile ulichoipaka. Ukiipaka kwenye mbao nzima na kavu, imeshika mbao. Ukiipaka kwenye uozo, imeshika uozo, na uozo haujashika chochote. Isitoshe, epoksi haipitishi maji. Unyevu uliobaki ndani unafungiwa humo, na kuvu anaendelea kula taratibu bila wewe kumwona. Nje ukigonga pagumu, ndani pamebaki unga.

KINACHOBEBA UZITO HAKIZIBWI

Tupige hesabu. Kihenge chenye gunia 15 za kilo 100 kina kilo 1,500 za mahindi. Kikiwa na miguu 6, kila mguu unabeba kilo 250, kabla hujahesabu uzito wa kihenge chenyewe na paa lake. Mguu mmoja ukikatika, uzito wake unahamia kwa majirani zake kwa mkupuo, nao wamechoka vilevile. Hapo kihenge hakiinami, kinaanguka.

Kinaanguka lini? Mara nyingi wakati wa mvua, ardhi ikiwa laini na upepo ukivuma. Mahindi yanamwagika kwenye matope. Mahindi yaliyolowa yanashika ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuanika wala kwa kupika. Chakula cha familia hadi mavuno yajayo kimepotea kwa sababu ya mguu mmoja uliopakwa rangi. Tena chini ya kihenge ndipo watoto wanapocheza na kuku wanapojikinga na jua.

Kwa hiyo nasema bila kumung'unya: miguu ya kihenge, nguzo za banda, kenchi, ngazi, vidaraja vya miti, mti wa mkokoteni unaofungwa nira, mpini wa shoka na wa jembe, vyote hivi vikioza havizibwi kwa epoksi. Mpini hubadilishwa. Nguzo iliyooza chini hutegemezwa kwanza, hukatwa hadi kwenye mbao nzima na shibiri moja zaidi, kisha huungwa kipande kipya kwa bolti, au husimamishwa juu ya msingi wa zege au jiwe ili mti usiguse udongo tena. Kama huna uhakika uozo umefika wapi, badilisha nguzo nzima.

"LAKINI AFISA, MBAO ZIMEPANDA BEI"

Najua. Sikwambii utupe kila kitu. Kutupa mlango mzima wa mninga kwa sababu pembe yake ya chini imeoza upana wa kiganja ni ufujaji, na hapo epoksi inaweza kukusaidia. Nitaeleza jinsi ya kuifanya. Lakini ukinunua mirija ya epoksi kila mwaka kwa mguu uleule, ndani ya miaka michache utakuwa umeilipia mbao mpya na bado huna mbao mpya. Rahisi imekuwa ghali.

Tena tuulizane: kwa nini mbao zetu zinaoza haraka hivi, katika nyanda zenye shamba la miti la Sao Hill na wakulima wa miti kila kitongoji? Kwa sababu tunavuna misonobari ikiwa michanga, tunaipasua kwa ding dong, na kesho yake tunaisimika ardhini ikiwa mbichi na bila dawa. Msonobari mchanga hauna uwezo wa kupambana na kuvu. Kwa nguzo ya kusimika, tafuta iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo. Viwanda hivyo vipo hapahapa Mafinga. Dawa ya kupaka kwa brashi haiingii ndani kama ile.

Tahadhari mbili. Mbao yenye rangi ya kijani ya dawa huwa na shaba, kromiamu na aseniki, kwa hiyo vipande vyake usivichome jikoni wala usivitumie pale vitakapogusa nafaka. Na oili chafu ya gari usiipake kwenye kihenge. Chakula chako kitainywa.

KWAKO WEWE UNAYEUZA

Wapo wanaonunua milango, vitanda na mikokoteni mikuukuu, wanasiliba, wanapaka rangi ya mafuta, kisha wanauza kwa bei ya kitu kizima. Wanajitetea kwamba mnunuzi amekiona mwenyewe. Hapana. Ameiona rangi. Huo ni udanganyifu sawa na kulowesha mahindi ili yaongezeke uzito kwenye mizani, na hakuna mkulima atakayekubali kufanyiwa hivyo.

Ukiuza kitu kilichozibwa, sema: hapa paliharibika, nimekata, nimeziba. Mteja mkweli atapunguza bei kidogo na atarudi tena. Uliyemficha atarudi pia, lakini na mwenyekiti wa kitongoji.

Na wewe mnunuzi, nenda sokoni na bisibisi. Omba ruhusa, kisha choma sehemu za chini, kwenye maungio na pale rangi inapoonekana mpya kuliko kwingine. Ikizama kwa urahisi, hapo pameoza. Gonga kwa kifundo cha kidole: mbao nzima hulia kwa mkato, iliyooza hutoa sauti ya kufifia. Muuzaji akikataa usichome, amekwisha kukujibu.

PALE EPOKSI INAPOFAA

Inafaa kwenye nyufa, kwenye shimo la bawaba lililopanuka, kwenye kingo za dirisha, pembe ya mlango na sehemu ndogo ya fisha bodi. Yaani mahali ambapo hata ikibanduka hakuna kitakachoanguka. Fanya hivi:

1. Ondoa chanzo cha maji kwanza. Ziba bati linalovuja, chimba mfereji, inua mbao kutoka kwenye udongo. Usipofanya hili, usinunue epoksi kabisa.

2. Kata uozo wote kwa patasi hadi ufike kwenye mbao ngumu yenye nyuzi nzima. Kama baada ya kukata kimebaki kidogo tu, badilisha mbao.

3. Acha sehemu hiyo ikauke siku kadhaa, juani na kwenye upepo. Juu ya mbao yenye maji epoksi haishiki vizuri.

4. Kama shimo ni kubwa, chonga kipande cha mbao kavu cha kulijaza, na epoksi iwe gundi ya kukishikilia. Kujaza shimo zima kwa epoksi ni kupoteza fedha.

5. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuongeza cha kugandisha hakuharakishi kazi, kunaifanya ibaki laini. Changanya kidogo kidogo, kwani nyingi kwa pamoja hupata moto na kuganda mkononi mwako. Vumbi la mbao la kukorogea liwe kavu na limechekechwa.

6. Kwa sehemu inayopata mvua, chagua epoksi inayoganda polepole. Ile ya dakika tano haivumilii maji vizuri.

7. Fanya kazi mchana penye joto. Chini ya nyuzi joto 10 epoksi nyingi hazigandi inavyotakiwa, kwa hiyo asubuhi ya Juni au Julai pale Mufindi si wakati wake.

8. Vaa glavu, fanya kazi penye hewa, na usivute vumbi lake unapopiga msasa. Inawasha ngozi, na ikikuzoea vibaya utawashwa kila ukiigusa.

9. Ikishaganda, piga msasa kisha paka rangi. Jua huiharibu epoksi iliyoachwa wazi.

Ukisoma hatua hizo utaona kwamba epoksi yenyewe imeingia baada ya msumeno, patasi na jua kumaliza kazi yao. Fundi anayekuambia aanze na epoksi, mwombe akuonyeshe kwanza alichokata. Kama hakuna vipande vilivyooza chini ya miguu yake, hajatengeneza kitu.

Wiki hii, kabla ya mvua ya kwanza, chukua bisibisi uzunguke kihenge chako. Choma kila mguu, usawa wa ardhi na shibiri moja chini yake. Pale itakapozama, usiende kwanza duka la gundi. Hamisha gunia, tegemeza kihenge, kisha mwite fundi aje na msumeno. Ukikwama, mwone afisa ugani wa kata yako.

Kazi njema.