Kitabu kikiingia mu mashini, ufunguo unabaki mu mukono wa nani?

Kuko watu watasema: mambo ya vitabu na mashini ni ya watu wa iniversite, sisi tuko watu wa shimo, tunatafuta unga ya watoto. Mimi ninasema hapana. Mutoto wa muchimbaji wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kipushi, leo hatafuti kitabu mu kabati ya masomo, juu ile kabati mara nyingi iko tupu. Anatafuta mu telefone. Na kile anakuta mule, kuko mutu alikiweka, na ule mutu alitia sahihi kontra na mwingine. Ni ile kontra tunapaswa kuangalia.

Tuanze na habari yenyewe. Mwezi wa 12 mwaka wa 2004, kampuni Google ilitangaza kama itapiga picha vitabu vya maktaba tano kubwa, zile tunaita bibliyoteki: Harvard, Stanford, Michigan na maktaba ya muji wa New York kule Marekani, pamoja na Oxford kule Uingereza. Ukurasa kwa ukurasa, mamilioni ya vitabu. Mwaka wa 2019 kampuni ilisema imepita vitabu milioni 40, mu luga zaidi ya 400.

Ile kazi ina faida, tusidanganyane. Kitabu cha karatasi kinakufa: mvua, mchwa, moto, vita. Kikipigwa picha, kinaweza kufika hata mahali ambapo hakuna gari inafika. Mutu kipofu anaweza kusomewa na mashini. Mwanafunzi anaandika jina ya kijiji ya babu yake, na mu dakika moja anajua vitabu gani vinaitaja. Zamani angetafuta mwaka muzima.

Lakini sisi watu wa madini tunajua jambo moja: ule anachimba haiko kila mara ndiye ule anatajirika. Muchimbaji anatoa jiwe, anabeba mufuko, anafika ku depo. Pale anakuta mwenye mizani, na mwenye mashini ya kupima kiasi cha kobalti ndani ya jiwe. Ule mwenye mizani ndiye anasema jiwe yako iko na bei gani, na ndiye anaandika mu kaye. Na vitabu ni vile vile. Mwandishi alichimba. Maktaba ilitunza miaka mia. Mwenye mashini alikuja mwisho, na mizani yake na kaye yake. Kwa hiyo tuulize maswali matatu: nakala inabaki wapi? Mwandishi anapata nini? Na nani anaandika jina ya musomaji mu kaye?

Nakala inabaki wapi

Zile maktaba za Marekani zilitoa vitabu vyao bure. Kampuni ilileta mashini na wafanyakazi, ikapiga picha, ikarudisha vitabu, na ikaachia maktaba nakala moja, kwa masharti yaliyoandikwa mu kontra. Hapa watu wa iniversite walikuwa na akili. Mwaka wa 2008 walikusanya nakala zao mu ghala moja yao wenyewe, jina yake HathiTrust. Leo ina zaidi ya vitabu milioni 17. Kama kesho Google inafunga mulango, ile ghala inabaki. Wasingedai nakala tangu siku ya kwanza, leo wangekuwa wanaomba vitabu vyao kwa mutu mwingine.

Ulaya nayo iliona ile hatari. Mwaka wa 2011, watu watatu ambao Umoja wa Ulaya uliwaomba shauri walisema hivi: kama kampuni inapiga picha vitabu vya watu wote, inaweza kupata muda wa kufaidika peke yake, lakini ule muda usipite miaka 7. Kisha hapo, mulango ufunguke kwa wote. Kila mutu anaelewa ile lugha. Permi ya kuchimba nayo ina mwisho wake.

Na kuwa na picha haiko sawa na kuwa na ruhusa ya kuisoma. Kitabu juu ya Katanga, kilichopigwa chapa Bruxelles mwaka wa 1915, kinaweza kufunguka mu HathiTrust kwa mutu anakaa Chicago, na kufungwa kwa mutu anakaa Likasi. Sababu ni sheria: hesabu ya miaka ya haki ya mwandishi kule Marekani haiko sawa na ya inchi zingine, na wenye ghala wanaogopa kesi. Basi mugeni anasoma habari ya udongo wetu, na sisi tunakuta maandishi: hairuhusiwi.

Msiseme haya ni mambo ya mbali. Mu makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji, kuko karatasi nyingi za jiolojia ya Congo tangu wakati wa wakoloni: ramani, kaye za watafiti, habari za mashimo ya kupima. Mwezi wa 7 mwaka wa 2025, serkali yetu ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Marekani, KoBold Metals, na kati ya mambo yaliyoandikwa mule ni kupiga picha zile karatasi. Karatasi ya namna hii haiko hadisi ya kulalisha watoto. Inaonyesha njia ya kufika ku madini. Swali ni lile lile la vitabu: nakala nzima itabaki ku nani, nani ataisoma wa kwanza, na kwa muda gani? Mutu wa Congo akitaka kuisoma, atalipa ao hatalipa?

Mwandishi anapata nini

Vitabu vingi vya zile maktaba vilikuwa bado na mwenyewe. Kampuni haikumuuliza. Ilisema: ule hapendi, aje aseme. Mwaka wa 2005 chama cha waandishi wa Marekani, Authors Guild, kilipeleka Google ku tribinali. Mwaka wa 2008 walijaribu kupatana: kampuni itoe dola milioni 125, na kwa kila kitabu kilichokwisha kupigwa picha bila ruhusa, mwenyewe apate dola 60 ao zaidi. Lakini mule ndani kulikuwa jambo lingine: kampuni ingepata ruhusa ya kuuza vitabu vizima, hata vya wale ambao hawakusema kitu. Mwaka wa 2011 juji Denny Chin alikatala. Alisema ni kupita mpaka, na ni kumupa kampuni zawadi juu ilikopi bila ruhusa.

Kesi ikaendelea. Mwaka wa 2013 juji ule ule alisema kama kampuni inaonyesha vipande vidogo tu, ili mutu ajue kitabu gani atafute, sheria ya Marekani inaruhusu. Mwaka wa 2015 tribinali ya juu ilikubali, na mwaka wa 2016 kesi ikafungwa. Ku Ufaransa ilikuwa tofauti: mwezi wa 12 mwaka wa 2009, tribinali ya Paris iliamua kama Google ilikosa, na ilipe La Martinière euro 300,000.

Leo ile vita imeingia mu mashini zinazoandika na kujibu kama mutu, zile zinafundishwa kwa kusomeshwa vitabu. Mwaka wa 2025 kampuni Anthropic ilikubali kulipa dola miliardi 1.5 kwa waandishi na wenye kuchapa, karibu dola 3,000 kwa kitabu kimoja, juu ilichukua nakala ku ghala za wizi mu intaneti. Lakini mu kesi ile ile, juji alisema kununua kitabu cha karatasi, kukipiga picha na kufundishia mashini, sheria ya Marekani haikatazi. Mwandishi wa Lubumbashi aelewe hivi: kule wanalipwa wale waliandikisha vitabu vyao, wakashikamana, wakakuwa na avoka. Ule hajaandikishwa, hakuna mutu atamutafuta.

Na sheria tuko nayo. Ordonnance-loi ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1986 inasema kazi ya mwandishi ni yake, na akikufa, haki inabaki kwa jamaa yake miaka 50. Basi mujane wa mwandishi, mutoto wa mwandishi, muchunge zile karatasi za baba. Musitoe kwa mutu wa kupita anasema "nitaziweka mu intaneti bure" bila kuandika kitu. Bure ya leo inaweza kuwa biashara ya kesho.

Kuko pia mufano muzuri. Mwaka wa 1965, hapa hapa, André Yav alitoa "Vocabulaire de ville de Elisabethville", mu Kiswahili chetu, kwa chama cha wale walifanya kazi mu nyumba za wazungu. Ni historia ya muji wetu na ya Union Minière, ilivyoonekana na watu weusi wenyewe. Mwaka wa 1990 mwalimu Johannes Fabian aliitoa mu kitabu kule Ulaya, na tafsiri ya Kiingereza. Baadaye maandishi yaliwekwa mu intaneti, bure, na jina ya mwandishi imeandikwa wazi. Bila ile kazi, wengi wetu hatungejua kama kile kitabu kilikuwako. Kwa hiyo mashini haiko adui. Kontra mbaya ndiyo adui.

Nani anaandika jina ya musomaji

Hili swali watu wengi wanalisahau, na ndilo linagusa nyumba zetu zaidi. Kitabu cha karatasi hakijui nani anakisoma. Unaweza kukisoma mu giza, na kibatari, na hakuna mutu atajua ulirudia ukurasa gani. Kitabu cha mashini kinaweza kujua yote: saa gani ulifungua, ukurasa gani ulisimama, neno gani ulitafuta.

Tutoe mifano. Mwaka wa 2005, polisi FBI ya Marekani iliomba watu wanne wa maktaba za Connecticut watoe habari ya wale walitumia ordinateri yao, bila juji kuruhusu, na wasimwambie mutu. Wale wanne walikatala, wakaenda ku tribinali, na mwaka wa 2006 serkali ikarudi nyuma. Mwaka wa 2009, Amazon iliingia mu mashini za wasomaji wake bila kubisha hodi, ikafuta kitabu cha George Orwell, "1984", ambacho watu walikwisha kulipia. Sababu: ule aliuza hakukuwa na haki. Ilirudisha franga, lakini watu walielewa kama kitabu hakikuwa chao kabisa. Mwaka wa 2014 ikajulikana kama programu ya kusomea ya Adobe ilikuwa inatuma ku kampuni habari ya kurasa mutu anasoma, tena bila kuficha, mwizi yeyote wa njiani angeweza kuona.

Sasa tufikiri nyumbani. Mufanyakazi anasoma juu ya sendika, ao juu ya Code minier ya 2018, kwa intaneti ya mukubwa wake wa kazi. Mama anatafuta habari ya ugonjwa wa mapafu ya bwana wake. Musichana anasoma juu ya mimba. Kama kila ukurasa unaandikwa mu kaye ya mutu mwingine, watasoma na woga, ao hawatasoma kabisa. Mutu mwenye woga ya kusoma, ni rahisi kumudanganya ku mizani.

Ninajua jibu ya wengine: "Sisi hatuna hata kitabu kimoja, na wewe unaleta masharti! Watupatie tu." Ninaelewa ile njaa. Lakini na barabara tuliambiwa vile vile, na masomo, na hospitali: watie sahihi kwanza, tutasoma kontra kesho. Tunajua kesho ilileta nini. Mwenye njaa ndiye anapaswa kuangalia mizani sana.

Basi ninaomba mambo matatu. Kwa serkali na wakubwa wa maktaba: sanduku hata moja ya karatasi isipigwe picha mbele kontra haijatangazwa. Nakala nzima ibaki Congo, na faida ya kampuni peke yake ikuwe na mwisho wa miaka inayojulikana. Kwa waandishi na jamaa zao: andikisheni kazi zenu, shikamaneni, na ombeni mapatano ya karatasi. Kwa masomo, mission na kila mutu anafungua nyumba ya kusomea: musomaji akirudisha kitabu, jina yake ifutwe. Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023 inachunga habari za mutu. Na habari ya mambo anasoma ni yake pia.

Na mu nyumba, tusingojee serkali. Programu ya kusomea ikiuliza numero za watu wote wa telefone na mahali unakaa, ujiulize: kitabu kinahitaji ile kwa nini? Mukatalie. Ukikuta kitabu cha ruhusa, kiweke mu karte ya telefone, ili mutoto asome bila mega na bila kuonekana. Na kile cha karatasi kiko ku nyumba, hata kimechanika, musikitupe. Hakiulizi jina, na hakuna mutu anaweza kukifuta toka mbali.