Kipimo cha mkononi hakifiki mapafuni

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita huku Kambove, alipimwa presha mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila mara aliambiwa iko sawa: 120 kwa 80, nenda nyumbani mzee. Akawa anarudi nyumbani kwa kupumzika njiani. Siku moja alikaa juu ya jiwe mbele ya duka la unga, watu wakadhani kuna mtu anamsubiri.

Alitoboa miamba chini ya ardhi miaka 22. Alipoanza kuhema, mahali pa kwanza tulipokwenda walimpa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Miezi 6. Kisha wakampa tena. Miguu ilipovimba, shangazi akaanza kutaja jina la jirani. Mimi nimefundisha kemia miaka 30, na nakiri kuna usiku nilimtazama jirani yule vibaya.

Jibu tulilipata Lubumbashi, zaidi ya kilomita 140 kutoka hapa, kwenye mashine inayotazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Docta alitugeuzia kioo tuone: upande wa kulia wa moyo ulikuwa umetanuka. Presha iliyomuua yaya ilikuwa ndani ya mishipa inayopeleka damu mapafuni. Humo, kwa mtu mwenye afya, wastani wake ni kama milimita 14 tu za zebaki, na ikipita 20 madaktari huhesabu kwamba imepanda. Kile kitambaa cha kufunga mkononi hakina habari nayo.

Tangu tumzike nimekuwa nikisoma. Ukuta wa mshipa wa mapafu umefumwa kwa nyuzi: kolajeni ya kukaza, elastini ya kuvutika na kurudi. Nyuzi hizo hushonwa pamoja na kimeng'enya kiitwacho lisili oksidesi. Vimeng'enya vingine, metaloproteinesi na elastesi, kazi yao ni kukata. Aliyewahi kuona viroba vya mawe ya madini vikishonwa ataelewa. Mshonaji na mkataji wakienda kwa kiasi, kiroba kinabeba na kinakunjika. Mshonaji akizidisha, kinakauka kama ubao. Mkataji naye akizidisha, elastini inakatika, na vipande vyake vinaziamsha seli za misuli ya ukuta zizaane. Mabaya yote mawili yanaweza kukutana katika mshipa mmoja: ukuta unakakamaa, tundu linabana, na moyo unasukuma mpaka unachoka.

Sasa, mshonaji huyo hafanyi kazi bila shaba. Nilicheka peke yangu niliposoma hivyo. Sisi tuliozaliwa juu ya shaba, katika mkoa wa Katanga ulioitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997! Mwili wa mtu mzima una kama miligramu 100 tu za shaba. Mwaka 2012 watafiti waliwapunguzia panya shaba mwilini kwa dawa, na ugonjwa wa mishipa ya mapafu ukarudi nyuma. Mwaka 2014 wengine wakamzuia mshonaji mwenyewe, na ugonjwa ukapungua. Lakini hao ni panya wa maabara. Dawa ya kumtuliza mshonaji kwa mgonjwa wa mapafu bado haiko dukani.

Na nisieleweke vibaya: sisemi kwamba shaba ya mgodi ndiyo iliyomkakamaza yaya mishipa. Mwili hujua kupokea shaba na kuitoa. Vumbi la mawe aliyoyatoboa linatosha kuyaharibu mapafu na kuipandisha presha hiyo. Kichocho, ukimwi na selimundu navyo huweza kumfikisha mtu hapohapo, na Kongo hatuna uhaba wa hata kimoja.

Ninachodai ni kidogo. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaitaka kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wananchi wanaoizunguka. Nimehudhuria mikutano miwili ya kupanga matumizi ya fedha za namna hiyo. Tuliomba madarasa, visima, mabati. Sawa. Nilipotaja mashine ya moyo, mzee mmoja aliniuliza: nani ataiona? Alisema kweli. Darasa hupakwa rangi, hukatiwa utepe, huandikwa jina la mfadhili ukutani. Mashine hukaa katika chumba chenye giza na kumwonyesha mtu mmoja habari mbaya.

Wengine wanasema itakosa mtu wa kuitumia. Wajuzi tunao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima kobalti katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga, na dunia ikayasoma matokeo yao mwaka 2009. Chuo kinachoweza hayo hakishindwi kumfundisha docta mmoja wa Kambove kutazama moyo.

Ndugu zangu mtakaoketi katika mkutano ujao, baada ya visima na mabati ongezeni mstari mmoja: mashine ya kutazama moyo, pamoja na mafunzo ya atakayeitumia. Na anayehema huku makohozi yake hayana kitu, msimpe dawa za kifua kikuu mara ya pili kabla moyo wake haujatazamwa.